Uchambuzi wa kisa: reli ya Lubumbashi–Likasi ndani ya simyuleta, na ardhi iliyotangulia reli

Usuli

Vijana wanne wa Lubumbashi, mji wa eneo la Katanga nchini Kongo (DRC), walitaka kuijenga njia ya reli inayotoka mjini mwao hadi Likasi ndani ya Open Rails, simyuleta ya treni isiyolipiwa inayosoma mafaili ya mtindo wa Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001. Majina yao, mitaa yao na kazi zao vimeondolewa hapa. Walikuwa na kompyuta mbili za mkononi zenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kila moja, intaneti ya kununua kwa simu, na umeme unaokatika jioni, saa zilezile walizokuwa huru kufanya kazi.

Reli iliyolengwa ina upana wa milimita 1067, na juu yake kuna waya wa umeme wa volti 25,000. Kutoka Lubumbashi inaelekea kaskazini-magharibi katika misitu ya miombo, inapita Luishia, inavuka mto Lufira, kisha inaingia kwenye vilima vya Likasi. Kwa mstari mnyoofu miji hii miwili iko mbali kwa takriban kilomita 110. Mwinuko wa ardhi kwa sehemu kubwa uko kati ya mita 1100 na 1400, na kwa macho ya msafiri barabarani nchi inaonekana tambarare. Sura hiyo ya utambarare ndiyo iliyowapa matumaini kwamba kazi ya ardhi ingekuwa nyepesi, na huko ndiko walikokwama miezi mitano.

Data ya mwinuko waliyoanza nayo

Walichagua data ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha angani Endeavour kwa siku 11 za Februari 2000. Toleo lenye nafasi ya takriban mita 30 kati ya pointi na pointi linapatikana bure kwa Afrika tangu 2014. Linakuja kwa vigae vya digrii 1 kwa 1, katika faili la aina ya HGT lenye pointi 3601 kwa 3601, kila pointi ikichukua baiti mbili. Faili zima lina baiti 25,934,402, hivyo kabla ya kulifungua angalia ukubwa wake: likipungua hata kidogo, upakuaji ulikatika njiani. Pointi ni 3601 badala ya 3600 kwa sababu mstari wa ukingoni unarudiwa katika kigae cha jirani. Kwa njia hii vigae vinavyohitajika ni vitatu: S12E027, S12E026 na S11E026. Likasi iko kaskazini kidogo tu ya mstari wa digrii 11, kwa hiyo kigae cha tatu ni cha lazima ingawa reli inaingia ndani yake kwa kilomita chache.

Simyuleta nayo ina vigae vyake. Kila kimoja ni mraba wa mita 2048, wenye pointi 256 kwa 256, yaani pointi moja kila mita 8. Mstari wa mshazari kama huu unagusa vigae 80 hadi 90, na ukiongeza safu moja kila upande ili dereva asione mwisho wa dunia dirishani, unafika karibu 300. Kila faili la mwinuko ni baiti 131,072, hivyo ardhi yote haizidi megabaiti 40. Kompyuta zao zilitosha kabisa.

Mwendo wa kazi

Kosa la kwanza lilikuwa la jina. Jina la kigae hutaja kona ya kusini-magharibi. Lubumbashi iko digrii 11.66 kusini, na huku kusini mwa ikweta kona hiyo ni digrii 12. Wao walikata desimali wakapakua S11E027. Programu ya kuhariri njia ikalalamika kwamba S12E027 haipo. Mmoja wao akadhani mtandao unatumia jina tofauti, akalibadilisha jina la faili kwa mkono. Programu ikaridhika, kwa kuwa inaamini jina tu. Ardhi ya kilomita 110 kaskazini ikawekwa chini ya Lubumbashi, pamoja na kingo za nyanda za juu za Kundelungu.

Waliligundua kwa kipimo kimoja ambacho kingefaa kufanywa siku ya kwanza. Uwanja wa ndege wa Luano, ulio Lubumbashi, una mwinuko wa mita 1309 unaojulikana. Njia ya kurukia ndege ni ndefu, haina miti, na imesawazishwa. Ukisoma pointi 20 juu yake ukachukua ya katikati, jibu linapaswa kuwa ndani ya mita chache za namba hiyo. Lao lilikuwa mbali mno.

Katika kutafuta sababu, mmoja alilifungua faili kwa programu ya picha na kupata ardhi iliyojaa miiba mirefu kuliko mlima wowote wa Afrika. Hiyo haikuwa hitilafu ya data. HGT huandika baiti kubwa kwanza; ukizisoma kwa mpangilio wa kinyume, mita 1309 inageuka kuwa 7429. Ukiona namba za aina hiyo, geuza mpangilio wa baiti, usitupe faili. Ukiona −32768, hilo ni tundu: rada haikupata jibu pale.

Kosa la pili lilikuwa la makadirio ya ramani, yaani namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye uso bapa. Walitengeneza picha ya setilaiti katika makadirio ya UTM, kanda ya 35 kusini, wakailaza juu ya vigae vya simyuleta kwa kulinganisha kona moja, ile ya stesheni ya Lubumbashi. Karibu na stesheni kila kitu kilikaa. Kadiri walivyokwenda kaskazini reli ya picha ilizidi kuhama, na karibu na Likasi tofauti ilikaribia kilomita mbili. Sababu ni kwamba vigae hivi vimejengwa juu ya makadirio ya Goode yaliyokatwa vipande. Kipande cha Afrika ya kusini kina mstari wa kati wa digrii 20 mashariki, na Lubumbashi iko digrii saba na nusu kutoka hapo. Kwenye latitudo hii kaskazini ya kweli inapinda karibu digrii 1.5 kutoka kaskazini ya vigae, na katika kilomita 75 za kwenda kaskazini hiyo ni kama kilomita 1.9. Hakuna kuzungusha picha kwa macho kutakakoponya jambo hili. Walifanya sawa walipoacha picha na kuweka alama za latitudo na longitudo, moja kila mita 200 kando ya mstari wa reli uliochukuliwa kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, wakaiachia programu ibadilishe yenyewe.

Ardhi sahihi ilipokaa mahali pake, walitandika reli kilomita 15 za kwanza kwa kuifuata ardhi. Hapa ndipo kisa chenyewe kinapoanza. Treni ya majaribio ilikuwa ya tani 1000 na kichwa cha umeme cha tani 75. Ilisimama kabla ya kilomita ya nne, katika mpando wa 60 kwa elfu, yaani kupanda mita 60 kwa kila mita 1000. Kwenye mpando huo uzito wa treni peke yake unavuta nyuma kwa karibu kilonyutoni 590, wakati kichwa cha tani 75, magurudumu yakishika vizuri kwa mgawo wa 0.3, hakitoi zaidi ya kilonyutoni 220. Mabadiliko ya mafaili ya kichwa cha treni yasingesaidia. Mmoja alijaribu kuongeza nguvu za mota, na magurudumu yakazunguka bure.

Kwa nini ardhi tambarare ilitoa milima

Pointi mbili zinazofuatana ziko mita 30 kutoka moja hadi nyingine. Zikitofautiana kwa mita 3 tu, mpando kati yao unasomeka 100 kwa elfu. Tofauti ya mita 3 ni jambo la kawaida katika data hii. Mradi wenyewe ulilenga kosa la mwinuko lisilozidi mita 16 kwa asilimia 90 ya pointi. Kwa ramani ya bonde au mlima hilo ni dogo sana. Reli, kinyume chake, huishi katika tofauti ya mita moja kwa kila mita mia.

Huku Katanga kuna sababu mbili zaidi. Rada ile ilitumia mawimbi ya sentimita 5.6, ambayo hurudishwa na majani na matawi kabla ya kufika chini. Februari ni masika, na miombo huwa imevaa majani yake yote. Msitu basi unasomeka kama ardhi iliyoinuka kwa mita kadhaa, na ukanda uliofyekwa kando ya reli ni mwembamba kuliko pikseli moja. Sababu nyingine ni vichuguu. Vichuguu vikubwa vya mchwa vya nyanda za Lubumbashi hufika mita 5 hadi 8 kwenda juu na upana wa mita 15 au zaidi, na vinaweza kuwa vitatu hadi vitano kwa hekta. Pikseli ya mita 30 kwa 30 ni hekta 0.09, kwa hiyo takriban pikseli moja kati ya tatu ina kichuguu ndani yake. Kila mtoto wa hapa amecheza juu ya kichuguu, lakini hakuna aliyekikumbuka mpaka kilipoonekana kwenye mchoro.

Maamuzi mawili

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulainisha ardhi yote kwa wastani wa duara la mita 300. Hoja yao ilieleweka: ukilainisha mara moja, kazi imekwisha kwa vigae vyote 300. Mipando ikashuka, lakini bado ilibaki 20 hadi 30 kwa elfu mahali penye msitu, kwa kuwa kosa la miti ni la upande mmoja. Miti huinua, haishushi kamwe, na wastani wa namba zilizoinuliwa ni namba iliyoinuliwa. Wakati huohuo vilima vya Likasi vilibaki kama mito ya kulalia, vijito vikafutika, na terili, kile kilima cheusi cha taka za mukuba (shaba) kinachotambulisha mji wa Lubumbashi kwa mbali, kikawa mwinuko mpole usio na umbo. Waliharibu sehemu nzuri ya data ili kutengeneza sehemu mbaya, na mbaya haikutengenezeka.

Uamuzi wa pili ulitokana na mazungumzo na mzee aliyewahi kuendesha treni za mizigo. Walimwonyesha mchoro wao. Papa huyo hakuzungumzia kompyuta kabisa. Aliwaeleza wapi dereva huongeza nguvu akiwa na mzigo, wapi huachia treni itiririke, na stesheni ipi iko juu ya ipi. Aliwaambia kuwa wahandisi hawakuifuata ardhi, waliikata na kuijaza. Baada ya hapo kundi liligeuza utaratibu: kwanza mchoro wa wima wa reli, yaani mwinuko wa reli yenyewe toka mwanzo hadi mwisho wa njia, kisha ardhi ivutwe iufuate.

Mchoro wa wima ulivyotengenezwa

Kwa programu ya ramani ya QGIS waliweka pointi kila mita 30 juu ya mstari wa reli, zaidi ya pointi 4000, na kusoma mwinuko wa kila moja kutoka SRTM ambayo haijalainishwa. Orodha ikahamishiwa kwenye jedwali la hesabu. Walifuta pointi zilizo juu ya mto Lufira, karibu na mashimo ya migodi, na zile zilizo karibu na majengo makubwa.

Kisha kwa kila pointi walichukua majirani 20, kumi mbele na kumi nyuma, yaani dirisha la mita 600. Penye uwanda mtupu walitumia mediani, yaani namba ya katikati. Penye msitu walitumia robo ya chini, ile namba ambayo robo tu ya pointi ziko chini yake, kwa sababu zilizo chini ndizo zilizopenya hadi kwenye udongo. Uamuzi huu mdogo ulifanya kazi kubwa kuliko yote mengine. Ngazi zilizokuwa zikitokea kila reli ilipoingia msituni zilipotea karibu zote.

Stesheni zikawa nanga. Uwanja wa stesheni hujengwa karibu bapa na una njia kadhaa sambamba, hivyo una pikseli nyingi zisizo na miti. Mediani ya pikseli hizo inaaminika kuliko pointi yoyote njiani. Kati ya nanga na nanga walichora vipande vinyoofu vyenye mpando mmoja, kila kipande kisipungue mita 400, na wakajiwekea kikomo cha 12.5 kwa elfu. Kwa mpando huo treni ya tani 1000 inavuta nyuma kwa kilonyutoni 123, mzigo ambao kichwa kile kinaumudu. Kipande kilipovuka kikomo hawakukilazimisha. Walirudi kwenye picha ya setilaiti kuangalia kama reli imekatwa ndani ya ardhi au iko juu ya tuta, na mara nyingi kivuli kilijibu. Kwenye maungio ya vipande mpando ulibadilishwa kwa hatua za 1 kwa elfu kila mita 25. Ukibadilisha 8 kwa elfu kwa mara moja, mabehewa yanaonekana kuvunjika katikati na treni inaruka.

Kuivuta ardhi

Tuta la reli ya upana huu juu yake lina mita tano hadi sita. Pointi za ardhi katika simyuleta ziko mita 8 kutoka moja hadi nyingine. Ukisawazisha mita sita tu, mara nyingine hakuna hata pointi moja iliyoangukia ndani, na nyasi zinatokeza kati ya mataruma. Walijifunza kusawazisha mita 16, ardhi ikae sentimita 40 chini ya kichwa cha reli, kisha mteremko wa pembeni uanze hapo. Mteremko wa 1 kwa 1.5 (mita moja kwenda chini kwa kila mita moja na nusu za pembeni), ambao ni wa kweli kwa udongo mwekundu wa huku, kwa tuta la mita 4 unachukua mita 6 na hauonekani katika nafasi ya mita 8. Kwa matuta mafupi waliulegeza hadi 1 kwa 2.5. Si sahihi kihandisi, lakini unachoreka.

Daraja la Lufira lilifanyiwa kinyume. Hapo ardhi haikuvutwa. Tuta lilikomeshwa kwenye nguzo za ukingoni, na bonde likaachwa kama data ilivyolionyesha, isipokuwa uso wa maji ulioshushwa kwa mkono.

Vichuguu vilirudishwa kama vitu vya kuwekwa juu ya ardhi, kimoja kimoja, vikiwa na miti yake juu. Njia ya Lubumbashi isiyo na vichuguu dirishani si njia ya Lubumbashi.

Terili na swali la mwaka

SRTM ni ya Februari 2000. Terili la Lubumbashi limechimbwa tangu miaka hiyo ili kutoa kobalti na shaba iliyobaki ndani ya taka, na umbo lake la leo si lile. Mashimo ya migodi kando ya reli nayo yamepanuka. Picha ya setilaiti ya sasa juu ya ardhi ya 2000 huonyesha barabara ya malori ikipanda ukuta. Kundi lilifikiria kuhamia Copernicus DEM, data nyingine ya mwinuko, ambayo rada zake zilipima kati ya 2011 na 2015, lakini nayo hupima vilele vya miti, na marejeo yake ya usawa wa bahari ni EGM2008 wakati SRTM hutumia EGM96. Kuchanganya kigae cha hii na kigae cha ile bila kusahihisha kunaacha ngazi kwenye maungio. Walibaki na SRTM, wakaamua njia yao ionyeshe mwaka 2000. Mashimo na barabara za baadaye hazikuchorwa.

Matokeo

Kilomita 38 za kwanza kutoka Lubumbashi zilikamilika na zinaendeshwa. Treni ileile ya tani 1000 inapita pande zote mbili bila kukwama, na Papa yule alitambua bila kuambiwa mahali ambapo kasi hushuka. Kutoka hapo hadi Lufira reli imelala ila pembeni hamna kitu. Upande wa Likasi haujakamilika. Mchoro wa wima ulioandaliwa kwa robo ya chini uliharibika kule, maana penye vilima vyenye miteremko mikali robo ya chini huchagua mfereji ulio kando ya reli na kuishusha reli chini ya ukweli wake.

Uchambuzi

Miezi mitano ya kwanza ilikwenda katika mambo ambayo vipimo viwili vya nusu saa vingeyafichua: mwinuko wa Luano, na mahali pa alama mbili zilizo mbali, moja Lubumbashi na nyingine Likasi. Kundi lilipima mahali pamoja tu, stesheni ya nyumbani, na mahali pamoja hapaonyeshi kuzunguka wala kuhama. Kubadilisha jina la faili ili programu inyamaze kulikuwa kosa zito kuliko la desimali, kwa sababu kulifuta onyo pekee walilokuwa nalo.

Kulainisha ardhi yote ni jaribu ambalo karibu kila anayeanza huangukia, na kushindwa kwake hapa hakukutokana na ukubwa wa duara. Duara la mita 1000 lingefanya mpando uwe mpole zaidi, lakini lingeichukua reli pamoja na mlima, wakati reli na mlima vina sheria tofauti. Reli ni mstari mmoja wenye kikomo kinachojulikana, na mstari unaweza kusahihishwa kwa jedwali la safu 4000. Mlima uachwe na ukali wake.

Robo ya chini ilifaa kwa sababu walikwisha kuelewa kosa linaelekea upande gani. Ilishindwa Likasi kwa sababu hiyohiyo: pale tofauti kubwa inatoka kwenye mteremko wa ardhi, miti ikiwa ya pili. Kwa vilima hivyo dirisha linapaswa kufupishwa hadi mita 200. Tayari wamejaribu hivyo katika kilomita 6 karibu na stesheni ya Likasi, na mipando imerudi chini ya 15 kwa elfu.

Waya wa juu haujafunguliwa. Katika faili la njia la aina ya TRK mistari mitatu inahitajika: Electrified, MaxLineVoltage yenye 25000, na OverheadWireHeight. Simyuleta huchora waya kufuata reli, kwa hiyo kila ungio baya la mpando litaonekana angani kama kona. Wameamua waya usiwashwe mpaka mchoro wa Likasi upite.